Alama ya Kusimama na Haki ya Kutangulia: Uwakilishi wa Kanuni za Makutano ya Barabara katika Data za Ramani za Kidijitali

Ikisiri

Makala hii inaeleza namna alama ya kusimama na haki ya kutangulia katika makutano ya barabara zinavyoweza kuwakilishwa katika data za ramani za kidijitali. Mfano unaotumika ni OpenStreetMap, ramani ya dunia inayojengwa na wachangiaji wa hiari tangu mwaka 2004. Hoja ya msingi ni kwamba alama, wajibu unaotokana na alama, na haki ya kutangulia ni vitu vitatu tofauti, na kwamba makosa mengi ya data huzaliwa pale vitu hivyo vinapochukuliwa kuwa kimoja. Makala inaonesha kuwa wajibu wa kusimama unahusu mkono mmoja wa makutano, wala si makutano yote. Ilhali haki ya kutangulia ni uhusiano baina ya mikono miwili au zaidi. Inapendekezwa kuwa data zirekodi kile kinachoonekana barabarani katika kila mkono, pamoja na tarehe ya kukiona, na kwamba haki ya kutangulia ikokotolewe kutokana na rekodi hizo na sheria ya nchi husika, isipokuwa pale ambapo ukokotozi huo hauwezekani.

1.0 Utangulizi

Dereva anayetoka mtaani kuingia barabara kuu hukabiliwa na swali moja: nani apite kwanza? Barabarani swali hilo hujibiwa na mambo mengi kwa pamoja. Ipo alama iliyosimikwa kando, upo mstari mweupe uliochorwa juu ya lami, upo upana wa barabara inayoingiwa, zipo taa, yupo askari wa usalama barabarani, na ipo mazoea ya madereva wa mahali hapo. Dereva huyatazama yote hayo kwa sekunde chache na kuamua.

Ramani ya kidijitali haina macho ya dereva. Programu inayotafuta njia, inayokadiria muda wa safari au inayomtahadharisha dereva kwa sauti hutegemea tu kile kilichoandikwa katika data. Iwapo data zinasema kuwa kila anayefika katika makutano fulani anapaswa kusimama, programu itaamini hivyo hata kama wanaopaswa kusimama ni wale wanaotoka mtaani peke yao. Kwa hiyo, swali la namna ya kuwakilisha kanuni za makutano si la kiufundi tu. Linagusa usahihi wa maelekezo anayopewa dereva na, kama itakavyooneshwa katika sehemu ya 6.0, linagusa pia haki katika tafiti za usalama barabarani zinazotumia data hizo.

Katika makala hii, istilahi *makutano* inatumika kwa maana ya mahali ambapo barabara mbili au zaidi hukutana, na *mkono wa makutano* kwa maana ya kipande cha barabara kinachoishia hapo. *Haki ya kutangulia* ni haki ya kupita kabla ya mwingine, na *kupisha* ni wajibu unaomkabili yule asiyekuwa na haki hiyo.

2.0 Alama, Wajibu na Haki

Alama ya kusimama ina historia ndefu kuliko ramani za kidijitali. Alama za awali ziliwekwa katika mji wa Detroit, Marekani, mwaka 1915. Umbo la pembe nane lilipendekezwa mwaka 1923, na rangi nyekundu yenye maandishi meupe ikawa kanuni nchini humo mwaka 1954. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu alama na ishara za barabarani uliliingiza umbo hilo katika matumizi ya kimataifa, sambamba na pembetatu iliyoelekeza ncha chini, ambayo ni alama ya kupisha. Maumbo haya mawili yana faida moja kubwa: dereva anaweza kuyatambua hata akiwa nyuma ya alama au alama ikiwa imefunikwa na vumbi. Aliye barabara kuu akiona mgongo wa pembe nane upande wa mtaa, anajua kuwa anayetoka huko ameamriwa kusimama.

Mfano huo unadhihirisha tofauti ya vitu vitatu. Kwanza, ipo alama yenyewe, yaani bamba la chuma juu ya nguzo, lenye mahali pake kando ya barabara. Katika nchi ambazo magari hupita kushoto, kama Tanzania na Kenya, nguzo hiyo kwa kawaida husimama upande wa kushoto wa dereva anayehusika. Pili, upo wajibu: gari lisimame kabisa kwenye mstari wa kusimamia kabla ya kuingia makutano. Mahali pa wajibu ni juu ya barabara, wala si kando yake. Tatu, ipo haki ya kutangulia, ambayo haina mahali pake peke yake, kwa kuwa inahusu magari mawili yanayokutana. Wajibu wa mmoja ndio unaoizaa haki ya mwingine.

Vilevile, vitu hivi vinaweza kutengana. Bamba linaweza kuibwa kwa ajili ya chuma chakavu, huku mstari mweupe ukibaki. Bamba linaweza kubaki ilhali makutano yamewekewa taa. Na kwa mujibu wa Mkataba mwingine wa Vienna wa mwaka 1968, ule unaohusu usafiri wa barabarani, taa zina nguvu kuliko alama za kupisha, na maelekezo ya askari yana nguvu kuliko vyote viwili. Askari wa trafiki anayeruhusu magari wakati taa ni nyekundu, jambo ambalo ni la kawaida jijini Dar es Salaam nyakati za msongamano, huigeuza haki ya kutangulia bila kugusa alama yoyote. Data zinazochanganya bamba, wajibu na haki haziwezi kueleza hali kama hizo.

3.0 Muundo wa Data za OpenStreetMap

Data za OpenStreetMap zimejengwa kwa vipashio vitatu. Cha kwanza ni nodi, ambayo ni nukta moja yenye latitudo na longitudo. Cha pili ni mstari, ambao ni orodha ya nodi zilizopangwa kwa mfuatano. Barabara nyingi huwakilishwa kwa mistari. Cha tatu ni uhusiano, ambao ni kundi la vipashio vingine, kila kimoja kikiwa na dhima yake. Vipashio hivi hupewa maana kwa lebo, na kila lebo ni jozi ya ufunguo na thamani.

Mambo mawili katika muundo huu ni ya msingi kwa mjadala unaofuata. La kwanza ni kwamba kila mstari una mwelekeo, kwa sababu nodi zake zina mfuatano. Mwelekeo huo hutokana na mchoraji alivyoanza kuchora, wala hauna maana ya kisheria isipokuwa katika barabara ya upande mmoja. La pili ni kwamba makutano huundwa kwa nodi inayomilikiwa kwa pamoja na mistari miwili au zaidi. Lebo inayowekwa kwenye nodi hiyo huwa ya mistari yote inayopita hapo.

Wajibu wa kusimama huandikwa kwa lebo highway=stop, na wajibu wa kupisha kwa highway=give_way. Lebo zote mbili huwekwa kwenye nodi iliyo juu ya mstari wa barabara. Bamba lenyewe, pale mchangiaji anapotaka kulirekodi, huweza kupewa nodi yake kando ya barabara kwa ufunguo traffic_sign, pamoja na msimbo wa nchi. Mathalani, DE:206 ni bamba la kusimama la Ujerumani, na US:R1-1 ni la Marekani. Kwa hiyo, muundo wenyewe unaruhusu kutenga kitu na wajibu. Tatizo huanza pale mtumiaji wa data anapohesabu rekodi zote mbili kana kwamba ni alama mbili, au mchangiaji anapotumia moja akidhani imetosha kwa kazi ya nyingine.

4.0 Mahali pa Nodi na Mwelekeo wa Wajibu

Chukulia makutano yenye mikono mitatu. Mtaa mmoja unaishia kwenye barabara kuu, na alama ya kusimama inawahusu wanaotoka mtaani tu. Mtaa umechorwa kwa mstari wenye nodi tano, na nodi ya tano ndiyo inayomilikiwa pia na barabara kuu.

Kosa la kawaida ni kuweka highway=stop kwenye nodi ya tano. Kwa macho ya mchangiaji, alama iko "kwenye makutano", hivyo nodi ya makutano inaonekana kuwa mahali pake. Hata hivyo, nodi hiyo ni ya barabara kuu pia. Programu ikiisoma rekodi hiyo kama ilivyo, itamchelewesha kila anayepita barabara kuu na kumtahadharisha asimame mahali ambapo hapaswi kusimama. Rekodi haielezi tena ni nani anayepisha na ni nani anayepishwa, ilhali hilo ndilo jambo pekee lililokuwa na umuhimu.

Mahali sahihi ni nodi ya nne, au nodi mpya itakayowekwa pale mstari wa kusimamia ulipo, mita chache kabla ya makutano. Nodi hiyo ni ya mtaa peke yake, hivyo barabara kuu inabaki salama. Hata hivyo, magari yanayoingia mtaani kutoka barabara kuu nayo hupita juu ya nodi hiyo hiyo, na hayahusiki na alama. Ndiyo maana huhitajika lebo ya pili, direction, yenye thamani forward iwapo wajibu unawahusu wanaofuata mfuatano wa mstari, au backward iwapo unawahusu wanaokwenda kinyume chake. Katika mfano huu thamani ni forward, kwa kuwa anayeelekea makutano anakwenda kutoka nodi ya kwanza kuelekea ya tano.

Inawezekana kudai kuwa lebo hii haina ulazima, kwa sababu programu inaweza kukisia kuwa wajibu unawahusu wanaoelekea makutano yaliyo karibu zaidi. Dai hili lina ukweli kwa mtaa mrefu. Lakini katika maeneo ya mjini yenye vitalu vifupi, nodi ya alama inaweza kuwa karibu sawa na makutano ya mbele na ya nyuma, na makisio yakashindwa. Aidha, nodi ya makutano yaliyo karibu zaidi inaweza kuwa ya njia ya kuingilia uani kwa mtu, wala si ya barabara iliyokusudiwa. Kuandika mwelekeo huondoa makisio hayo.

Mwelekeo nao una udhaifu wake. Kwa kuwa forward na backward hutegemea mfuatano wa nodi, mchangiaji mwingine akigeuza mstari, mathalani ili kuonesha kuwa mtaa umefanywa wa upande mmoja, thamani iliyokuwa sahihi inageuka kuwa uongo. Programu za kuhariri kama JOSM na iD hurekebisha lebo hizo mstari unapogeuzwa, lakini data zilizogeuzwa kwa hati za kompyuta au kuingizwa kwa wingi hazina ulinzi huo. Kwa hiyo, uhakiki wa data unapaswa kutafuta nodi za kusimama ambazo mwelekeo wake unayapa mgongo makutano yaliyo karibu nazo. Si zote zitakuwa na kosa, lakini ndizo za kuanza kuchunguzwa.

Hali huwa ngumu zaidi pale barabara kuu inapochorwa kwa mistari kadhaa sambamba. Barabara ya Morogoro jijini Dar es Salaam, ambayo tangu mwaka 2016 ina njia za mabasi yaendayo haraka katikati, ni mfano mzuri. Palipo na nafasi ya kuvuka, anayekatiza kutoka upande mmoja hadi wa pili hukutana na nodi za makutano zaidi ya moja: njia ya magari ya upande wa kwanza, njia za mabasi, kisha njia ya magari ya upande wa pili. Kwa dereva makutano hayo ni mamoja. Kwa data ni kadhaa. Iwapo kila nodi itapewa lebo ya taa au ya kusimama, programu itahesabu kusubiri mara nyingi kuliko ilivyo kweli. Kwa mantiki hiyo, kanuni ya kuweka rekodi kabla ya makutano, pale dereva anapongoja kwa kweli, inafaa hapa pia.

5.0 Haki ya Kutangulia kama Uhusiano

Iwapo wajibu ni wa mkono mmoja, haki ya kutangulia iandikwe wapi? Njia tatu hutumika au hujadiliwa.

Njia ya kwanza ni kuifanya haki kuwa sifa ya barabara. Ujerumani na nchi nyingine za Ulaya zina barabara zenye kipaumbele, zinazotambulishwa kwa bamba la umbo la almasi lenye rangi ya manjano na kingo nyeupe. Katika OpenStreetMap mistari yake hupewa lebo priority_road=designated. Njia hii inafaa pale ambapo sheria yenyewe imeipa barabara nzima sifa hiyo. Lakini hata Ujerumani kuna makutano ambamo kipaumbele hukata kona: anayekwenda moja kwa moja anatoka kwenye barabara yenye haki, na anayepinda anabaki ndani yake. Sifa ya mstari inaweza kuonesha ni mikono ipi yenye haki, ila programu inapaswa kulinganisha mikono yote ili kulifahamu hilo.

Kosa linalofanana na hili ni kuchukulia daraja la barabara kuwa haki ya kutangulia. Lebo zinazoonesha kuwa barabara ni kuu, ya mkoa au ya mtaa zinaeleza umuhimu wake katika mtandao. Mara nyingi barabara ya daraja la juu ndiyo yenye haki, lakini si lazima iwe hivyo. Programu ya kutafuta njia inaweza kutumia daraja kama makisio. Mchangiaji hapaswi kuyageuza makisio hayo kuwa rekodi, kwa sababu yakishaandikwa hayatofautiani tena na jambo lililoonekana.

Njia ya pili ni kutumia kipashio cha uhusiano, chenye mstari wa kutokea, nodi ya kupitia na mstari wa kuendea. OpenStreetMap hutumia muundo huo kurekodi makatazo ya kupinda. Faida yake ni kwamba unafanana na umbile halisi la haki ya kutangulia. Hasara ni wingi na udhaifu: makutano ya mikono minne yana mienendo kumi na miwili hata bila kuhesabu kugeuza gari, na kila jozi ya mienendo inayogongana ingehitaji kauli yake. Mstari mmoja ukikatwa vipande wakati wa kuhariri, uhusiano unaweza kuharibika bila mhariri kutambua.

Njia ya tatu ni kuikokotoa haki kutokana na wajibu uliorekodiwa. Ikiwa mkono mmoja kati ya mitatu una rekodi ya kupisha, na makutano yamekaguliwa yote, basi miwili iliyobaki ina haki juu yake. Katika mzunguko, ambao wasemaji wengi wa Tanzania huuita kiplefti, lebo junction=roundabout inatosha kueleza kuwa waliomo ndani wanapishwa na wanaoingia. Kanuni hiyo iliwekwa Uingereza mwaka 1966 na inafahamika pia Afrika Mashariki. Palipo patupu, sheria ya nchi huingia: Ujerumani anayetoka kulia hutangulia katika makutano yasiyo na alama, ilhali mwongozo wa madereva wa Uingereza unaeleza kuwa katika njia panda isiyo na alama hakuna mwenye kipaumbele. Kwa hiyo, data zilezile hutoa majibu tofauti katika nchi mbili, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Sheria ya nchi iandikwe mara moja katika programu, si mara elfu katika kila nodi.

Makutano ambamo kila mkono una alama ya kusimama, yaliyozoeleka Marekani, Kanada na Afrika Kusini, yanathibitisha hoja hii. Hapo lebo stop=all hutumika, na kuiweka kwenye nodi ya makutano si kosa, kwa kuwa kila anayefika husimama. Lakini anayetangulia ni aliyefika kwanza. Haki hubadilika kila gari linapofika, na hakuna sifa ya kudumu inayoweza kuieleza. Kinachoweza kurekodiwa ni wajibu. Haki huzaliwa barabarani.

Kutokana na ulinganisho huu, njia ya tatu ndiyo inayopaswa kuwa msingi. Njia ya kwanza itumike pale sheria inapoitambua barabara yenye kipaumbele, na ya pili ibaki kwa makutano machache ambayo ukokotozi unayashindwa.

6.0 Ukimya wa Data

Ukokotozi uliopendekezwa una sharti moja zito: makutano yawe yamekaguliwa. Nodi isiyo na lebo ya kusimama inaweza kumaanisha kuwa hakuna alama. Inaweza pia kumaanisha kuwa hakuna aliyefika kuangalia. Data hazitofautishi hali hizi mbili.

Tofauti hiyo ni kubwa katika miji ya Afrika Mashariki. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015, uliwashirikisha wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa kata katika kuchora mitaa, majengo na mifereji. Lengo lilikuwa kukabiliana na mafuriko. Mitaa mingi iliingia katika ramani kwa usahihi wa kupigiwa mfano, lakini alama za makutano hazikuwa lengo la kazi hiyo. Mtafiti anayekuta mtaa uliochorwa vizuri hapaswi kuhitimisha kuwa kutokuwepo kwa alama katika data ni kutokuwepo kwake mtaani.

Athari huonekana data zinapotumika kutathmini usalama. Tuseme utafiti unahesabu makutano yasiyo na alama katika kila kata ili kupendekeza mahali pa kuelekeza fedha. Kata yenye wachangiaji wengi itaonekana kuwa na alama nyingi. Isiyo na wachangiaji itaonekana hatari. Au kinyume chake: kata ambayo alama zake zilirekodiwa miaka mingi iliyopita na mabamba yakaibwa baadaye itaonekana salama, na watoto wake wavuke kwenda shule mahali ambapo hakuna gari linaloamriwa kusimama. Katika hali zote mbili kinachopimwa ni juhudi za wachora ramani, wala si hali ya barabara.

Picha za setilaiti haziwezi kuondoa tatizo hili, kwa kuwa bamba lililosimama wima halionekani kutoka juu. Picha za mtaani, kama zile zinazokusanywa kupitia Mapillary, zinaweza kutambua bamba kwa kompyuta. Hata hivyo, utambuzi huo hutoa mahali pa kitu tu. Ni mkono upi unaohusika, na mstari wa kusimamia uko wapi, ni maswali yanayohitaji jicho la mtu.

Suluhisho linalopendekezwa ni kurekodi tendo la kukagua pamoja na matokeo yake. Ufunguo check_date huruhusu kuandika tarehe ambayo kitu kilithibitishwa mara ya mwisho. Ukiwekwa kwenye nodi ya makutano baada ya mikono yote kukaguliwa, utupu wa mikono isiyo na alama unapata maana: palitazamwa, na hapakuwa na kitu. Tarehe ikizidi umri uliowekwa na mtafiti, makutano yarudishwe katika kundi la yasiyojulikana. Kwa njia hii, utafiti utakuwa na makundi matatu badala ya mawili: yenye alama, yasiyo na alama, na ambayo hayajakaguliwa.

7.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kuwa uwakilishi wa alama ya kusimama unategemea kutenga bamba, wajibu na haki. Bamba lirekodiwe kando ya barabara panapohitajika. Wajibu urekodiwe juu ya mstari wa mkono unaohusika, kabla ya nodi ya makutano, ukiwa na mwelekeo uliotajwa. Haki ya kutangulia ikokotolewe kutokana na wajibu wa mikono yote, umbo la makutano na sheria ya nchi. Aidha, kila makutano yaliyokaguliwa yabebe tarehe ya ukaguzi.

Mapendekezo haya hayahitaji muundo mpya wa data. Lebo zinazohitajika zipo. Kinachohitajika ni nidhamu ya kuandika kilichoonekana na kuacha kuandika kinachokisiwa. Kwa watafiti wa usalama barabarani wanaotegemea ramani huria, jukumu la ziada ni kutaja wazi katika kila matokeo ni makutano mangapi hayajakaguliwa. Hesabu inayolificha kundi hilo inaweza kuinyima alama kata inayoihitaji kuliko zote.